Ngazi mbili, kaya mbili: nani hasa alijenga Palazzo Barberini?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo hapa Dar es Salaam. Tumepewa kazi ya kuandika juu ya jumba moja la ukoo wa kimwinyi la mtindo wa baroku (ule wa fahari ulioshamiri Ulaya karne ya 17), nami nimechagua Palazzo Barberini la Roma. Shida ni kwamba kila ninaposoma nakuta jina jingine: Maderno, Bernini, Borromini. Nani hasa alilijenga? Kwa nini lina ngazi kuu mbili, na kwa nini halina ua wa katikati kama majumba mengine ya Roma? Halafu, ni kweli shaba nyeusi ya Pantheon, lile hekalu la kale la Roma, iliishia humo?

Jibu:

Nianze na jibu fupi. Mpango mkuu wa jumba ni wa Carlo Maderno. Maderno alipofariki, usimamizi ukashikwa na Gian Lorenzo Bernini. Francesco Borromini alikuwa mchoraji na msaidizi chini ya wote wawili, na mkono wake unaonekana katika vipengele ambavyo leo wageni husimama kuvitazama. Kwa hiyo waandishi uliowasoma hawapingani sana kama unavyodhani. Kila mmoja ameshika kipande chake.

Lakini kazi yako ikiishia hapo utakuwa umejibu nusu ya swali, tena nusu iliyo nyepesi. Kwa maoni yangu, ukitaka kulielewa jumba hili usianze na wasanifu, anza na waliokusudia kukaa humo. Ngazi mbili, kukosekana kwa ua, hata mahali ulipowekwa ukumbi mkuu, chanzo chake ni kimoja: nyumba ilitakiwa kubeba kaya mbili chini ya paa moja, ya mkuu wa kidunia na ya mkuu wa Kanisa, kila moja na taratibu zake za kupokea wageni, na mgeni ajue tangu mlangoni anakwenda kwa nani.

Wabarberini hawakuwa mamwinyi wa asili wa Roma. Walitoka Toscana, Barberino Val d'Elsa, wakahamia Florence na kutajirika kwa biashara. Nembo yao ya nyuki watatu, ambayo utaiona mpaka kwenye vichwa vya nguzo, haikuanza na nyuki. Jina lao la zamani lilikuwa Tafani, nao tafani ni wale inzi wakubwa wanaouma ng'ombe. Ukoo ulipopanda daraja, inzi akageuzwa nyuki.

Mwaka 1623 Maffeo Barberini alichaguliwa kuwa Papa, akajiita Urbano VIII. Tangu siku hiyo mambo yakaenda mbio, na mbio hizo uzikumbuke unapotazama tarehe za ujenzi. Upapa haurithiwi. Papa akifa huchaguliwa mwingine kutoka ukoo mwingine, na walioneemeka jana huanza kuulizwa maswali. Kila ukoo uliotoa Papa ulijua una miaka michache tu ya kugeuza cheo kiwe mali ya kudumu: ardhi, vyeo vya kurithi, ndoa za maana, na jumba.

Urbano hakuchelewa. Francesco, mtoto wa kaka yake, alipewa ukardinali mwaka huohuo wa 1623. Mdogo wake, Antonio, naye akaupata miaka michache baadaye. Ndugu yao Taddeo aliachwa mlei, yaani asiye na daraja la Kanisa, kwa makusudi, ili aendeleze ukoo. Mwaka 1627 akamwoa Anna Colonna, binti wa mojawapo ya koo kongwe kabisa za Roma. Mwaka 1630 Wabarberini wakanunua mji wa Palestrina kutoka kwa Wacolonna hao hao, Taddeo akawa Mkuu wa Palestrina. Mwaka 1631 akafanywa Prefekti wa Roma, cheo kilichozua mvutano mkali na mabalozi juu ya nani amtangulie nani. Ukitaka kuiweka miaka hii kwenye kalenda ya pwani yetu: Agosti 1631, Sultani Yusuf bin Hassan alipoiteka Ngome ya Yesu kule Mombasa kutoka kwa Wareno, Papa alikuwa huyuhuyu Urbano, na mafundi wa jumba hili walikuwa bado kazini.

Sasa kiwanja. Mwaka 1625 kardinali Francesco alinunua shamba lenye nyumba kutoka kwa ukoo wa Sforza, kwenye mteremko wa kilima cha Quirinal, na mwaka uliofuata likawa la Taddeo. Mahali penyewe ni nusu ya jibu la swali lako la ua. Enzi hizo pale palikuwa pembezoni: mashamba ya mizabibu, bustani, nafasi tele. Wakati huohuo palikuwa karibu na kasri la Papa lililo juu ya kilima hichohicho.

Jumba la kawaida la Roma lilijengwa kwa kubanwa. Chukua Palazzo Farnese kama mfano: bonge la jengo lenye pande nne, uso mmoja mkavu kuelekea uwanjani, na ndani ua wenye matao pande zote. Ua ule si pambo. Ndiyo mapafu ya nyumba, na ndiko magari ya farasi yanakogeuzia. Maderno naye alianza na wazo hilo. Upo mchoro wake unaoonyesha jengo lililofungwa kuzunguka ua. Mawazo mengine yakaja kutoka kila upande. Mchoraji na msanifu Pietro da Cortona alitoa mpango wake, na hata Michelangelo Buonarroti mdogo, mjukuu wa ndugu wa yule mchongaji maarufu, aliandika mapendekezo.

Kilichojengwa mwisho ni umbo la herufi H. Mirengo miwili imetokeza mbele kama mikono iliyofunguliwa, na katikati yake kuna uso wa matao ghorofa tatu, madirisha saba kwa upana, ukitazama magharibi. Nyuma ni bustani. Huo ni mpango wa nyumba ya shamba, si wa jumba la mjini. Roma ilikuwa nao tayari katika Villa Farnesina, ya mwanzoni mwa karne ya 16, yenye mirengo miwili inayokumbatia baraza la matao. Alichofanya Maderno ni kuuchukua mpango huo wa starehe na kuukuza mpaka ukawa na ukubwa na heshima ya jumba la utawala. Ua haukuhitajika kwa sababu hewa na mwanga viliingia kutoka mbele na nyuma, na magari yaligeuzia mbele ya nyumba. Ongeza sababu moja ya kifundi, na ya kipesa: nyumba ya zamani ya Sforza haikubomolewa, ilimezwa ndani ya mrengo wa kaskazini. Ukiona vipimo vya mrengo ule haviendani kabisa na vya mwenzake, usimlaumu mchoraji.

Tuingie ndani. Mrengo wa kaskazini ulikusudiwa Taddeo na mkewe, ule wa kusini ukawa wa kardinali Francesco. Katikati, kwenye kiungo cha ile H, ukawekwa ukumbi mkuu uliopanda ghorofa mbili. Ndipo tunapofika kwenye ngazi.

Mapokezi ya Roma ya karne ya 17 yalipimwa kwa hatua na vyumba. Mgeni alipanda ngazi, akaingia ukumbi wa watumishi, kisha chumba cha kusubiria, kisha kingine, mpaka chumba cha mazungumzo, na nyuma yake vyumba vya faragha. Mwenyeji alimpokea wapi? Balozi wa mfalme alifuatwa karibu na ngazi. Mtu wa daraja la chini alisubiri ndani aitwe. Wakati wa kuagana, idadi ya vyumba ambavyo mwenyeji alimsindikiza mgeni wake ilikuwa taarifa ya kisiasa, na watu waliihesabu. Kama umewahi kuingia nyumba ya mawe ya Lamu utaielewa mantiki hii bila shida: kuna anayeishia daka la mlangoni, kuna anayekaribishwa kiwanda, yaani ua wa ndani, na kuna wachache wanaofika ndani.

Sasa fikiria kardinali na mkuu wa kidunia wakitumia ngazi moja. Balozi amekuja kwa kardinali, anakutana na mkuu akishuka. Nani ampishe nani? Nani atoke chumbani kumlaki? Kwa watu waliokuwa tayari wanagombana na mabalozi juu ya kutanguliana, ngazi moja ingekuwa ugomvi wa kila siku. Ngazi mbili zilimaliza jambo hilo kwa mawe badala ya maneno.

Zenyewe hazifanani. Ile ya kushoto, upande wa kaskazini, inazunguka tundu la mraba, pana, yenye nguzo za Kidoriki zilizosimama mbilimbili. Ndiyo inayohusishwa na Bernini. Ya kulia ni ya duara-dufu, inapanda ikijizungusha kama konokono juu ya nguzo pachapacha, na mwanga unaishukia kutoka juu. Hiyo huhesabiwa kuwa ya Borromini. Hapa nakuomba tahadhari. Watalii hupenda hadithi ya washindani wawili waliowekwa kulia na kushoto, kila mmoja na ngazi yake, waone nani atashinda. Ni hadithi tamu, lakini inasahau kwamba ngazi ya duara-dufu haikuwa uzushi wa siku ile. Kasri la Papa la Quirinal, jirani kabisa, lilikuwa nayo tayari, kazi ya Ottaviano Mascarino, na kule Caprarola msanifu Vignola alikuwa amejenga ngazi ya mviringo yenye nguzo pachapacha. Msanifu yeyote wa Roma alizijua zote mbili. Alichoongeza Borromini ni ule mvutano wa umbo: ukisimama chini na kutazama juu, duara-dufu linaonekana kama linajinyonga.

Turudi kwenye majina, sasa kwa tarehe. Ujenzi ulianza 1628. Maderno alifariki Januari 1629, kuta zikiwa bado chini. Alikuwa mzee, na Borromini, ndugu yake wa mbali aliyekuja Roma kama mchonga mawe kutoka eneo la ziwa Lugano, ndiye aliyekuwa akimchorea. Ungetegemea kazi imwendee yeye. Ikaenda kwa Bernini, kijana wa miaka 30, mchongaji kipenzi cha Papa, ambaye mpaka hapo uzoefu wake wa kujenga ulikuwa mdogo sana. Mwaka huohuo Bernini akarithi pia usanifu wa kanisa la Mtakatifu Petro. Borromini alibaki kazini mpaka karibu 1631 kisha akaondoka, na uhasama wao ulidumu mpaka Borromini alipojiua mwaka 1667.

Kwa hiyo mpango wa H, na uhusiano wa mirengo na ukumbi, uandike kwa jina la Maderno bila kusita. Uso wa matao ni wa kujadiliwa zaidi. Tazama madirisha ya ghorofa ya juu. Kila dirisha ni dogo, lakini limezungushiwa tao lililochongwa kwa mshazari, kiasi kwamba kwa mbali unadhani unaona tao refu lenye kina, sawa na yale ya chini yake. Ni kiini macho cha mawe. Wengi humpa Borromini, nami naona wana hoja, maana miaka mingi baadaye alikirudia kwa kiwango kikubwa zaidi Palazzo Spada, ambako ujia wa nguzo usiofika mita 10 unaonekana mrefu mara kadhaa. Hata hivyo, aliyechora si lazima awe ndiye aliyeamua, na ofisi ya msanifu wa wakati ule ilikuwa karakana yenye mikono mingi.

Jumba lilianza kukaliwa 1632. Na hapa kuna kichekesho ambacho vitabu vya watalii hukiruka: mpango wote ule wa kaya mbili haukudumu. Francesco akahamia Palazzo della Cancelleria, makao rasmi ya makamu wa kansela wa Kanisa, baada ya kupewa cheo hicho mwaka 1632. Taddeo na Anna wakarudi nyumba ya zamani ya ukoo, mtaa wa Giubbonari, mwaka 1634. Aliyebaki akilitumia ni kardinali Antonio, mpenda sherehe na muziki. Ngazi mbili zikabaki zimesimama, kaya moja.

Ukumbi mkuu, huo usiupite haraka. Dari lake alilichora Pietro da Cortona, akaanza mapema miaka ya 1630 na kumaliza 1639. Mpango wa maana zake ulitungwa na mshairi Francesco Bracciolini. Katikati ameketi Maongozi ya Mungu katika sura ya mwanamke juu ya mawingu, akiamuru Kutokufa kupeleke taji la nyota. Taji linapelekwa kwa nani? Kwa nyuki watatu, wakubwa kupita kiasi, wanaoruka ndani ya shada la mlorela lililoshikwa na Imani, Tumaini na Upendo, na juu yao funguo na taji la Papa. Pembeni Minerva, mungu wa kike wa hekima wa Warumi, anawaporomosha majitu. Ujumbe hauhitaji mkalimani: ukoo huu haukupanda kwa biashara wala kwa kura za makardinali, umeteuliwa na Mbingu. Kwa ukoo ambao jana ulikuwa na nembo ya inzi, ujasiri si mdogo.

Kwa mwanafunzi wa usanifu, lakini, cha kutazama zaidi ni fremu. Lile boriti zito la mawe linaloonekana kugawa dari vipande vitano, na masanamu yanayolibeba pembeni, hakuna hata kimoja kilichochongwa. Ni rangi tupu. Cortona alijenga usanifu kwa brashi, kisha akawaacha watu na mawingu wapite mbele na nyuma yake, mpaka jicho linashindwa kusema nyumba inaishia wapi na picha inaanzia wapi. Majumba mengi ya Ulaya yaliyofuata yalijifunza kutoka dari hili moja.

Chumba kilicho jirani na kanisa dogo la nyumba kina dari jingine, la Andrea Sacchi, tulivu mno: Hekima ya Mungu akiwa na jua kifuani, na dunia imewekwa kando. Kwa kuwa Galileo, mtaalamu wa nyota aliyetetea kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua, alihukumiwa 1633 chini ya Papa huyuhuyu, wapo wanaosoma humo siri ya kumuunga mkono. Mimi siendi mbali hivyo. Jua la Hekima lina mizizi mirefu katika Maandiko. Ila ni kweli kwamba kardinali Francesco alikuwa miongoni mwa majaji watatu, kati ya kumi, ambao saini zao hazimo kwenye hukumu ile.

Kuhusu shaba ya Pantheon: hapana, si humu. Mwaka 1625 Urbano aling'oa mihimili ya shaba nyeusi iliyobeba paa la baraza la Pantheon, na sehemu kubwa ikayeyushwa kufua mizinga ya ngome ya Castel Sant'Angelo. Wakati huo jumba lilikuwa halijaanza. Hadithi imeng'ang'ania kwa sababu ya kijembe cha Kilatini kilichoenea Roma siku zile: wasichokifanya washenzi (barbari kwa Kilatini), Wabarberini wamekifanya. Kijembe ni kizuri, lakini usikifanye kuwa ushahidi wa vifaa vya ujenzi.

Urbano alifariki Julai 1644, hazina ikiwa imekaushwa na vita vya kugombea Castro, mji wa ukoo wa Farnese. Aliyemfuata, Inosenti X wa ukoo wa Pamphilj, alianza kuchunguza hesabu, na ndugu wote watatu wakakimbilia Ufaransa. Jumba likazuiliwa. Taddeo hakurudi, alifia Paris mwaka 1647. Maridhiano yalikuja kwa njia ileile ya zamani, ndoa: mwaka 1653 Maffeo, mwana wa Taddeo, alimwoa Olimpia Giustiniani, wa damu ya ukoo wa Papa mpya.

Mengine nitayapita haraka, ila yaangalie unapotumia picha za leo. Lango la chuma unaloliona mtaa wa Quattro Fontane, na yale majitu ya mawe yanayolibeba, ni la karne ya 19. Mwanzoni watu waliingilia upande wa Piazza Barberini. Ukumbi wa maonyesho uliofunguliwa 1639 pembeni mwa jumba ulibomolewa. Vyumba vya Cornelia Costanza Barberini, mrithi wa mwisho, aliyeolewa 1728 na Giulio Cesare Colonna di Sciarra, ni vya mtindo laini wa karne ya 18 wala havihusiani na Maderno. Mkusanyiko nao ulitawanyika: chombo cha kioo kilichokuwa fahari ya nyumba kiko British Museum kwa jina la Portland, sanamu ya Fauno iko Munich, na maktaba ilikwenda Vatikani 1902. Serikali ya Italia ililinunua jumba 1949 na kuweka humo makumbusho ya sanaa ya kale. Wanaukoo waliendelea kukaa sehemu yake mpaka miaka ya 1950. Ile picha ya Judith ya mchoraji Caravaggio ambayo wengi huifuata humo haikuwa ya Wabarberini hata kidogo. Serikali iliinunua 1971.

Ushauri wangu wa mwisho ni wa vitendo. Tafuta ramani ya ghorofa ya kwanza, ichapishe kubwa, na uchukue kalamu mbili za rangi tofauti. Kwa moja fuata njia ya mgeni wa mkuu kutoka ngazi ya mraba, kwa nyingine njia ya mgeni wa kardinali kutoka ngazi ya duara-dufu, mlango kwa mlango mpaka chumba cha ndani kabisa, ukiweka alama mahali njia hizo zinapoweza kukutana. Ndipo uandike majina ya wasanifu. Michoro ya Borromini ya jengo hili iko makumbusho ya Albertina, Vienna. Ukitaka kubishana juu ya madirisha ya juu, anzia hapo.